Dada Alipoogopa Dirisha

Dada yangu hutazama kinywa cha mtu kabla hajamtazama machoni. Si utovu wa adabu, ni kazi. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akitengeneza meno ya bandia katika maabara ndogo iliyo ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa, na mtu akimsalimia barabarani yeye huitikia huku akipiga hesabu zake kimoyomoyo: mawili ya juu yamekwenda, la pembeni liko njiani, na huyu husaga meno usingizini. Wateja humwita Mama Meno. Mimi ni mdogo wake wa pekee, tumepishana miaka saba, na ni karani wa shule. Ninayosimulia hapa mengine niliyaona mwenyewe. Ambayo sikuyaona aliniambia yeye, na ameniruhusu niyaseme.

Kazi yenyewe iko hivi. Daktari wa meno humpelekea kalibu yenye umbo la kinywa cha mgonjwa, Dada humimina plasta humo, na plasta ikikauka anapata taya kamili la mtu ambaye huenda hatamwona maisha yake yote. Juu ya taya hilo anapanga meno kwenye nta, moja moja, kwa kisu kidogo anachokipasha moto kwenye taa ya spiriti. Halafu inakuja rangi, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Meno ya watu si meupe. Dada ana kibao chenye vielelezo vya rangi kumi na sita, ambavyo mimi nikivitazama naona rangi moja tu. Kuzitofautisha kunataka mwanga wa mchana, wa taa haufai, na ndiyo maana tangu siku ya kwanza meza yake ilikuwa imegusana na dirisha.

Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa mafriji. Walikutana baada ya spana kumteleza na kumvunja jino la mbele, na hadi leo wanaitana "Fundi", yeye kwa mke na mke kwake. Ukipita nje ya nyumba yao ukasikia "Fundi, chai," huwezi kujua nani anamwagiza nani.

Dada alipofika miaka hamsini na moja, hedhi ilianza kuruka miezi na joto likaanza. Lilimpanda kutoka kifuani hadi utosini kama mtu aliyefunuliwa sufuria ya mvuke usoni. Jasho lilidondokea nta yake. Alilala juu ya taulo, akiamka mara tano. Shemeji, kama kawaida yake, aliligeuza mzaha.

"Miaka thelathini kazi yangu ni kupoza vitu," alisema siku moja mbele yangu, "halafu nyumbani nimewekewa tanuri lisilo na swichi."

Dada alimrushia kitambaa cha mezani. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Baada ya miezi minane ya kulala vipande vipande, alikwenda kwa daktari wa wanawake, mama mmoja mtaratibu anayevaa miwani yake kifuani kama mkufu. Daktari alimpima, akamwuliza kuhusu saratani na magonjwa ya moyo katika ukoo, kisha akamwandikia tiba ya homoni: kibandiko cha kubandika kiunoni mara mbili kwa wiki, na vidonge vidogo vyeupe vya kumeza kuanzia tarehe moja hadi kumi na mbili ya kila mwezi.

"Kibandiko kitazima joto," alimwambia. "Vidonge vinalinda mfuko wa uzazi. Usije ukatumia kimoja ukaacha kingine."

Dada aliitikia kwa kichwa. Ananiambia kwamba neno pekee alilolisikia sawasawa lilikuwa "kuzima".

Na kweli lilizimika. Ndani ya wiki tatu alilala usingizi wa mtoto. Alinipigia simu kazini kunieleza tu kwamba ameamka akakuta shuka ni kavu, na mwalimu mkuu akanishangaa ninavyopiga vigelegele ofisini.

Hofu ilikuja tarehe tano ya mwezi wa pili wa dawa, asubuhi. Alikuwa anasuuza kikombe. Mara akahisi kana kwamba nyuma yake kuna mtu amevuta pumzi ili atamke jambo baya. Akageuka. Jikoni palikuwa patupu, redio inasoma matokeo ya mpira. Aligeukia tena kikombe chake, lakini lile jambo lisilotamkwa halikuondoka. Lilimfuata barabarani, likapanda naye ngazi, likakaa naye mezani. Moyo ulimwenda mbio kama aliyeitwa polisi, na kila alipojiuliza ameitiwa nini, hakupata jibu.

Ukutani mle maabarani kuna rafu ya mataya ya plasta, yapata mia, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli. Kwa miaka yote yalikuwa kwake kama sahani kabatini. Wiki ile yaligeuka vinywa. Alifanya kazi akiwa ameyapa mgongo, halafu akaona kuyapa mgongo ni kubaya zaidi, akageuza kiti, halafu akakigeuza tena. Fundi mwenzake wa meno, ambaye hufanya naye kazi mle maabarani, akamwuliza kama kiti kina msumari.

Katikati ya mwezi ikaisha, vuu, kama mtu aliyetoka chumbani bila kuaga. Dada akajiambia ni uchovu. Mwezi uliofuata ikarudi ikiwa na nguvu zaidi, na mwezi wa nne ndipo Shemeji aliponipigia simu.

Ilikuwa saa tano asubuhi, ninapanga fomu za wanafunzi.

"Shemeji, pole na kazi," alisema. "Hivi kwenu kuna mwiko wowote wa visu?"

"Visu vipi?"

"Hivi vya jikoni. Wiki nzima hatuna kisu. Jana nimekata kitunguu kwa bisibisi, nacheka mwenyewe. Leo nimevikuta. Viko ndani ya sanduku juu ya kabati, vyote vitano, vimeviringishwa kwenye shuka na kufungwa kamba." Sasa mzaha ulikuwa umemkauka. "Dada yako anaficha visu. Nimemwuliza kwa nini, amelia."

Nilizisukuma fomu pembeni. Shemeji hakujua habari ya Mama, kwa sababu mimi na Dada hatukuwahi kumwambia mtu.

Mama yetu alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa sauti kubwa na mikono mikubwa. Alipokuwa na miaka hamsini na mbili alianza kufunga milango mchana. Kisha akaanza kuficha visu. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikitoka darasani namkuta amekaa stoo kati ya magunia, akinyoosha kiganja: "Usinikaribie, mwanangu. Kaa hapo hapo." Baba alivumilia mwaka mmoja. Mwishowe wakaja watu wawili na gari, wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, na alirudi baada ya miezi saba akiwa mnene, mpole, na mtupu. Aliishi miaka mingine kumi na tisa. Alitupikia, alitufulia, lakini yule Mama wa zamani hakurudi. Nyumbani hatukuzungumza habari hiyo. Ila kila mmoja wetu alijua umri ule, na kila mmoja alikuwa anauhesabu kimyakimya. Dada alikuwa ametimiza hamsini na mbili mwezi uliotangulia.

Niliomba ruhusa nikaenda maabarani mchana ule ule. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba meza yake haikuwa dirishani. Alikuwa ameivuta hadi kwenye kona ya ndani, karibu na beseni, akafunga taa ya umeme juu yake. Pale dirishani palibaki alama nne za miguu ya meza sakafuni.

Kabla sijauliza, mlango ukafunguliwa akaingia mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa miaka mingi, kofia mkononi. Alikuwa amefunga mdomo kama mtu aliyebeba maji mdomoni.

"Mama Meno," alisema akifungua kidogo tu, "mimi nina miaka sabini na minne."

"Najua, Mwalimu."

"Basi kwa nini nina meno ya bibi harusi?"

Akatabasamu kikamilifu. Naapa chumba kiliongezeka mwanga. "Jana msibani watu wameacha kulia, wananitazama. Mjukuu wangu ananiita taa za gari. Nirudishie uzee wangu, nakusihi."

Siku nyingine Dada angeangua kicheko hadi ajishike mbavu. Siku ile alitazama yale meno, akasema, "Nisamehe, Mwalimu. Ni mwanga. Huku hakuna mwanga." Akatoka, akaingia choo cha kwenye korido akajifungia. Fundi mwenzake alininong'oneza kwamba hiyo ilikuwa kazi ya sita kurudishwa mwezi ule.

Nilimsubiri kwenye ngazi. Alitoka ameosha uso, na niliona anavyoshuka: bega limegandamana na ukuta, mbali na upande wa uwazi. Tukakaa kwenye ngazi ya pili kutoka juu.

"Kwa nini umehamisha meza?"

Akaanza kukwangua plasta iliyokauka kwenye kucha zake.

"Dada. Kwa nini?"

"Naogopa dirisha," alisema.

"Unaogopa nini dirishani?"

"Najiogopa mimi nikiwa dirishani."

Nilijilazimisha kuuliza, kwa sababu nisingeweza kurudi nyumbani bila kuuliza. "Unataka kufa?"

"Sitaki!" Alinishika mkono kwa nguvu hadi pete yake ikaniumiza. "Sitaki, ndiyo maana naogopa. Ningekuwa nataka ningeogopa nini? Nimekaa pale, nimeshika taya la mtu, wazo linakuja tu, kama mtu anayekupitishia karatasi chini ya meza. Nalirudisha, linakuja tena. Na visu hivyo hivyo. Namtazama mume wangu amelala kwenye kochi, mtu wa watu, anakoroma, na wazo linakuja. Nimekuwa Mama, mdogo wangu. Umri ule ule."

Nilimwambia twende kwa daktari. Akakataa katakata. "Wataandika kwenye faili. Wakishaandika, watu wawili na gari." Akanitaka niape kwamba sitamwambia mtu, hata Shemeji. Na mimi, ambaye kazini najulikana kwa kutotetereka, nikaapa. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii. Nilijiambia namtii mkubwa wangu. Ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa naliogopa lile gari, na nilikuwa na miaka saba tu kabla haijafika zamu yangu.

Nilimpigia simu kila mchana siku zile. Tarehe kumi na tano aliipokea akiwa anacheka. Alikuwa ametengeneza upya meno ya mwalimu mstaafu, ya manjano safi kama ya mvuta tumbaku, na mzee amembusu mkono. Nikashusha pumzi. Nikadhani imekwisha. Ilirudi tarehe nne ya mwezi uliofuata.

Aliyegundua alikuwa Dada mwenyewe, kwa jicho lake la fundi. Ukutani maabarani kuna kalenda ambapo huandika siku ya kukabidhi kila kazi, na kazi ikirudishwa huizungushia duara jekundu. Mchana mmoja tulivu, hofu ikiwa imeondoka, alisimama mbele ya kalenda akinywa chai, akarudisha kurasa nyuma mwezi mmoja mmoja. Maduara yote, ya miezi minne, yalikuwa yamerundikana mahali pamoja: kuanzia tarehe nne hadi kumi na nne. Kwingine kote, hakuna hata moja. Akakaa chini. Halafu akaenda kwenye mkoba wake, akatoa pakiti ya vidonge vyeupe, akaisoma tarehe aliyoiandika juu yake mwenyewe.

Alinipigia simu akipaza sauti. "Sina wazimu! Ni vile vyeupe! Unanisikia? Ni vidonge!"

Nililia kazini bila aibu. "Sasa mwambie daktari avibadilishe," nikasema.

"Nitamwambia," alisema. Hakumwambia. Alihofia daktari akisikia habari ya dirisha na visu atamwandika vibaya tu, vidonge au si vidonge. Akaona njia fupi: aliacha vyeupe, akaendelea na kibandiko. Kila mwezi alinunua pakiti kama kawaida na kuitupa, ili Shemeji asiulize.

Ikafuata miezi mitano ambayo kila mtu aliyemjua alisema Mama Meno amerudi. Visu vilirudi jikoni. Yeye na fundi mwenzake waliiburura meza hadi dirishani, miguu ikakaa kwenye alama zake. Aliwatania wateja, aliniletea shuleni keki bila sababu. Mimi niliuliza mara moja kama daktari amebadilisha dawa, akasema, "Mambo yako sawa," nami nikachukua hilo kuwa jibu kwa sababu nililitaka liwe jibu.

Damu ilimtoka mwezi wa sita tangu aache vyeupe, kazini, katikati ya asubuhi. Wakati alipokuwa akimeza vyeupe alipata damu kidogo kila mwisho wa dozi, kama alivyoambiwa atapata. Hii haikuwa hivyo. Ilipita nguo, ikapita kiti. Fundi mwenzake alimfunga koti lake kiunoni akamteremsha ngazi, na mimi nilipofika walikuwa wamemkalisha ndani ya duka la vitambaa, nyuma ya majora, uso wake rangi ya ile plasta yake. Shemeji alikuja na gari la kazi, friji ya mtu ikiwa bado nyuma.

Ndani ya gari ndipo alipotuambia. Alisema yote kwa mara moja, akitazama mbele: vidonge, pakiti zilizotupwa, dirisha, visu, Mama, stoo, lile gari. Shemeji alikuwa anaendesha. Aliendelea hadi getini hospitalini. Akazima injini.

"Fundi," alisema, "miaka ishirini na minne nalala na wewe kitanda kimoja. Uliogopa kunidhuru, ukanificha visu ili nisidhurike, halafu ukaona mimi ndiye wa kutoambiwa?"

"Niliogopa ungenitazama kama Baba alivyomtazama Mama."

Shemeji alifuta macho kwa kiganja chenye grisi, akabaki na mstari mweusi shavuni mchana kutwa. Hakuna aliyemwambia.

Daktari wa miwani kifuani alimpokea, wakadhibiti damu, akamfanyia altrasaundi. Alitazama kioo cha mashine muda mrefu kuliko tulivyopenda. "Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi umekuwa mnene," alisema. "Mnene sana. Nachukua kipande kidogo kikapimwe. Majibu ni siku kumi."

"Kansa?" Dada aliuliza.

"Sijui. Ndiyo maana tunapima."

Siku kama zile kumi simwombei hata adui. Ile hofu ya kwanza ilikuwa haina uso. Hii ilikuwa na uso, na jina, na tarehe. Dada alikwenda kazini kila siku na kupanga meno kwenye nta, maana alisema mikono ikikaa bure kichwa kinajaza nafasi. Siku ya nne nilimkuta ameshusha taya moja kutoka rafuni, la mama mmoja aliyekwisha kufariki, analipangusa vumbi taratibu, halafu analirudisha. Siku ya saba Shemeji alitengeneza friji yao wenyewe, ambayo haikuwa mbovu.

Siku ya kumi tuliingia watatu. Daktari hakuzunguka. "Si saratani," alisema. Shemeji alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. "Lakini," daktari akaendelea, "ni hali inayoweza kugeuka saratani ikiachwa. Kibandiko peke yake kinaustawisha ule ukuta, na vile vidonge ndivyo vinavyouzuia. Ulipoviacha, uliachia mlango wazi. Nataka uniambie kwa nini uliviacha."

Dada akapiga moyo konde, akaanza na kikombe kile cha asubuhi ya tarehe tano.

Daktari alisikiliza bila kuandika. Alipomaliza akauliza maswali yake polepole: mawazo hayo yanakuja sasa? Amewahi kupanga chochote? Anadhani kuna mtu anamsemesha? Dada akajibu hapana, hapana, hapana. Ndipo daktari akaivua miwani yake shingoni, akaiweka mezani.

"Baadhi ya wanawake, dawa ya aina ile huwaangusha roho au huwatia hofu. Si wengi, lakini ninawaona. Na mawazo yanayomtisha mwenyewe namna hiyo si wazimu, yana tiba. Siku ya kwanza nilikuuliza saratani, nikakuuliza moyo. Sikukuuliza kuhusu akili katika ukoo wenu, wala sikukwambia ukiona hofu unipigie. Kosa hilo ni langu. La kuacha dawa kimyakimya ni lako. Tugawane."

"Na Mama yetu?" Niliuliza mimi, bila kukusudia. "Alikuwa hana dawa yoyote. Ilikuwa nini?"

"Marehemu siwezi kumpima," alisema kwa upole. "Umri ule homoni zinapanda na kushuka, na wapo wanaovurugika vibaya. Huenda. Na huenda ilikuwa kitu kingine kabisa. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Halafu likaja gumu. Tiba ya ule ukuta, alieleza, ni dawa ya jamii ile ile iliyomtia Dada hofu.

Dada alisimama. Kweli alisimama, mkoba mkononi. "Unanirudishia kile kile?"

"Kaa kwanza. Si kwa kumeza. Kuna kifaa kidogo kinawekwa ndani ya mfuko wa uzazi, kinatoa dawa pale pale, na kiasi kidogo sana ndicho kinachofika kichwani. Watu wanakiita kitanzi."

"Kitanzi," Dada akarudia. "Daktari, kwa mtu mwenye hali yangu, hamkupata jina jingine?"

Daktari alijizuia, akashindwa, akacheka. Shemeji akacheka. Dada mwenyewe hakucheka, lakini alikaa.

"Siwezi kukuahidi hofu haitakuja kabisa," daktari alisema. "Ikija, utanipigia siku hiyo hiyo, si mwezi ujao. Na utaonana na mshauri wetu hapa, kila wiki mwanzoni. Hataleta gari."

Aliwekewa kitanzi wiki iliyofuata. Alitetemeka hadi muuguzi akashindwa kumpima presha mara ya kwanza. Kabla ya hapo tulikuwa tumekubaliana, na wazo lilikuwa la Shemeji: hofu ikija haitafichwa tena, kila anayefanya naye kazi ajue. Dada alimwambia fundi mwenzake waziwazi, "Nikikwambia nataka kubadilishana meza, usiniulize, badilisha." Yule akajibu, "Hata sasa hivi, mimi napenda upepo."

Hofu ilikuja. Nisiseme uongo. Wiki ya pili ilimkamata kwenye ngazi, akakaa chini palepale akampigia daktari, huku wateja wakimruka. Daktari alimwuliza maswali matatu, akamwambia akae na mtu, na mchana akamwona. Wiki ya tano ikaja tena, fupi zaidi. Mshauri alimfundisha kulipokea wazo likija bila kulibishia wala kulikimbia, kama mteja msumbufu anayejulikana, na Dada alisema hilo aliliweza upesi kwa sababu wateja wasumbufu anao tele. Baada ya miezi sita wakachukua kipande kingine cha ule ukuta. Kilikuwa safi.

Sasa ni mwaka na nusu tangu awekewe. Bado anabandika kibandiko chake, na kila mwaka wanakaa na daktari kuamua kama waendelee. Zipo siku mbili tatu, hazina tarehe maalumu tena, anapoamka na kitu kifuani. Moja ilikuwa Jumanne iliyopita. Alinipigia saa nne asubuhi.

"Leo iko," alisema. "Sitaki ushauri. Nisimulie kitu chochote."

"Chochote?"

"Chochote, mradi kiwe kirefu."

Nikamsimulia jinsi mwalimu mkuu alivyojifungia ndani ya chumba cha vitabu na funguo ziko nje, akagoma kuita msaada kwa kuona haya mbele ya wanafunzi, hadi akaanza kupitisha vijikaratasi chini ya mlango, cha kwanza kimeandikwa kwa lugha rasmi, "Kwa yeyote anayehusika." Dada hakucheka. Alikuwa anapumua tu upande wa pili, na nyuma yake nilisikia mashine ya kung'arishia ikizunguka. Nilipofika karatasi ya tatu akanikatisha.

"Ngoja," alisema. "Kwa nini hakutoka dirishani?"

"Lina nondo."

"Haya. Endelea."

Nikaendelea.